Uzito wa Makamo Magwagwa Una Historia Yake

Katika Magwagwa, kama kwingineko katika nchi ya Abagusii, mtu aliyevuka miaka arobaini akinenepa ni wachache watakaouliza sababu. Umri umefika, husemwa. Watoto wamekua, mashaka yamepungua, mwili umetulia. Mwanamume anapoanza kuitwa omogaka (mzee) na mwanamke omongina (mama mzee), heshima hiyo hutarajiwa kuonekana hata kiunoni, na anayejaribu kuupunguza mwili wake huambiwa anashindana na maumbile. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Uzito wa makamo haukuletwa na umri peke yake. Sehemu yake kubwa ililetwa na mabadiliko ya miaka mia moja hivi, ambayo tunaweza kuyafuata moja baada ya jingine. Tena mabadiliko hayohayo ndiyo yaliyoleta mizani katika vilima hivi, na mizani ikawafunza wakulima kupima, kuandika na kungojea jumla ya mwaka kabla ya kutoa hukumu. Ujuzi huo umetumika kwa majani chai na kwa watoto wachanga. Mwili wa mtu mzima ndio ambao bado haujaonja faida yake.

Tuanze na umri wenyewe. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Kilichopimwa ni nishati ambayo mwili hutumia kwa siku. Ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli vilipozingatiwa, ilionekana kwamba matumizi hayo hubaki karibu palepale tangu miaka 20 hadi 60, ndipo huanza kushuka taratibu. Yapo mambo ambayo umri huyaleta kweli: misuli isiyofanyishwa kazi hupungua, na mwanamke anapokoma hedhi mafuta huelekea kukusanyika tumboni kuliko mapajani. Lakini ule usemi kwamba moto wa mwili huzimika ukifika arobaini hauna nguvu tena. Basi swali linalobaki ni la mwanahistoria: mtu wa miaka hamsini wa mwanzo wa karne ya 20 na mwenzake wa leo, wote wa North Mugirango, wametenganishwa na nini?

Magwagwa iko upande wa kaskazini wa nchi ya Abagusii, karibu na bonde la mto Sondu, katika eneo la North Mugirango ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Nyamira. Ni nchi ya kupanda na kushuka. Kabla ya utawala wa kikoloni chakula kikuu kilikuwa wimbi, ambalo lilihitaji kupaliliwa kwa mkono, kulindwa dhidi ya ndege, kukatwa suke kwa suke na kusagwa juu ya jiwe. Obokima, yaani ugali, wa wimbi uliliwa pamoja na mboga za chinsaga na rinagu au maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Nyama ilikuwa ya siku maalumu. Vijana wa kiume waliishi na ng'ombe katika kambi za malishoni zilizoitwa ebisarate, wakilinda mifugo dhidi ya majirani. Wanawake walibeba maji kutoka vijitoni na kuyapandisha mlimani. Wazee walikunywa pombe ya wimbi kwa mirija mirefu wakiwa wamekizunguka chungu kimoja, lakini nafaka ya kupikia pombe hiyo ilitokana na shamba lilelile lililowatoa watu jasho. Katika maisha ya namna hiyo mwili mnene ulikuwa nadra, na kwa kuwa ulikuwa nadra ulipewa heshima: ulionyesha ghala lisilokauka na zizi lenye ng'ombe. Heshima hiyo ilikuwa na mantiki yake. Tatizo ni kwamba imebaki baada ya hali iliyoizaa kutoweka.

Hali hiyo ilitoweka kwa hatua. Waingereza walianzisha kituo chao Kisii mwaka 1907, na mwaka 1912 wakapiga marufuku ebisarate. Kazi ya kutembea na ng'ombe mchana kutwa ikaanza kupungua. Mahindi yalienea baada ya hapo kwa sababu yalizaa zaidi na hayakutaka ulinzi mwingi dhidi ya ndege, kisha vinu vya kusagia vikaliondolea jiwe kazi yake. Kuanzia miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ukafungua mlango kwa chai. Mazao hayo yalileta karo, mabati na fedha ya mfukoni, mambo ambayo hakuna wa kuyadharau. Lakini yalichukua ardhi ya malisho. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, takriban 675 kwa kila kilomita moja ya mraba; katika msongamano huo ng'ombe hufungwa bandani na maziwa ya kibuyu huwa kumbukumbu. Fedha ya mazao ikanunua mafuta ya kupikia, sukari na unga wa ngano. Karibu mwaka 2008 serikali ilipunguza kodi ya pikipiki ndogo, na mlima uliopandwa kwa miguu ukaanza kupandwa kwa bodaboda. Mtu wa makamo ndiye aliyefaidika kwanza, kwani ndiye mwenye nauli, na kazi za kutumwa amewaachia watoto.

Takwimu za taifa zinaonyesha mabadiliko haya yamefika wapi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya walio watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, wanawake wakiwa asilimia 38.5 na wanaume 17.5. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta hali hiyo kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Haiwezekani maumbile ya Wakenya yabadilike kiasi hicho ndani ya kizazi kimoja au viwili. Kilichobadilika ni chungu, barabara na kazi. Anayesikia hayo anaweza kukata tamaa, akaona kwamba akishindana na uzito wake anashindana na karne nzima. Mimi nayaona kinyume: kilicholetwa na mazoea hupunguzwa na mazoea, ilhali kama kingeletwa na umri kusingekuwa na la kufanya. Na mazoea tunayoyahitaji tunayo.

Kupima kwa uzito si jambo la kale katika vilima hivi. Pwani walizijua frasila za pembe za ndovu na karafuu zamani, lakini bara nafaka ilipimwa kwa ujazo: kwa kikapu, kwa kibuyu, baadaye kwa debe na kwa mkebe wa gorogoro, ambao sokoni hutumika hadi leo. Mizani ilienea na mazao yaliyouzwa ng'ambo. Ilikuwa katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yaliyoanza miaka ya 1920 na kuwavuta vibarua wengi wa Kigusii, na ikawa katika vituo vya kahawa. Iliyokita mizizi hasa ni ile ya wakulima wadogo wa chai, walioingia chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA) mwaka 1964, na ambao viwanda vyao katika Nyamira, kama Nyansiongo, Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Gianchore na Tombe, hulishwa na maelfu ya mashamba madogo. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, hukirudia kichaka kilekile baada ya wiki moja au mbili, hupeleka mzigo kwenye kituo cha kununulia majani. Karani huupima, hutoa uzito wa gunia, huandika kilo, humpa risiti.

Angalia jinsi mkulima anavyozisoma risiti hizo. Msimu wa mvua kilo hupanda, kiangazi hushuka, na mvua ya mawe ikinyesha huanguka kwa ghafla. Hata hivyo hakuna anayeng'oa chai kwa sababu ya gunia moja jepesi. Malipo ya mwezi humpa cha kujikimu. Mwaka wa hesabu ukiisha mwezi Juni, kilo zote hujumlishwa, na ndipo bonasi husema kama mwaka ulikuwa mzuri au mbaya. Mkulima pia humshuku karani, na shuku hiyo ina msingi, kwani kilo inayokatwa kwa ajili ya gunia au maji ni fedha yake. Dawa aliyoipata dhidi ya shuku ni kuweka risiti zake mwenyewe na kulinganisha. Mambo manne yamejengeka hapo kwa zaidi ya nusu karne: kupima mara kwa mara kwa utaratibu mmoja, kuandika papo hapo, kutoihukumu kazi kwa siku moja, na kushika kumbukumbu mkononi mwako badala ya kumwachia mwingine.

Mlango wa pili ambao mizani iliingilia ulikuwa kliniki ya watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria, daktari Mwingereza David Morley alitengeneza kadi ambayo mama angekaa nayo nyumbani, yenye mistari ya kuonyesha jinsi uzito wa mtoto unavyokwenda mwezi hadi mwezi. Kadi za namna hiyo zilienea Afrika nzima, Kenya ikiwemo, na mama wengi wa Nyamira wamewaona watoto wao wakining'inizwa kwenye mizani ya springi huku muuguzi akitia nukta. Fundisho kuu la Morley lilikuwa kwamba mwelekeo wa mstari una maana kuliko mahali ilipo nukta moja. Mtoto mdogo anayepanda yu salama kuliko mtoto mkubwa aliyesimama. Mwanamke wa miaka hamsini wa leo ameisoma kadi hiyo mara nyingi kwa ajili ya watoto wake. Mara ya mwisho mtu kumwandikia uzito wake mwenyewe kwa mfululizo huenda ikawa ni alipokuwa mjamzito.

Kwa nini mizani iliishia kwa gunia na kwa mtoto? Sababu ya kwanza ni ile heshima ya unene niliyoitaja. Ya pili ni chungu zaidi, na inastahili kutajwa bila kuzungukwa. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na katika miaka hiyo nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya zilizika watu wa rika la kufanya kazi. Waliozika ndio walio makamo au uzeeni leo. Kwao kukonda kulikuwa habari mbaya, na anayepungua bado hukutana na macho ya wasiwasi na swali la kama anaumwa. Huu si ujinga. Ni kumbukumbu ya msiba. Sababu ya tatu ni kwamba mizani ya hospitali humkuta mtu mzima akiwa tayari na kisukari au shinikizo la damu. Hupandishwa juu yake mara moja, huambiwa apunguze, huenda zake. Kipimo kimoja kilichoambatana na lawama hakimfunzi mtu kitu.

Hesabu yenyewe inaonyesha udhaifu wa kipimo kimoja. Nchini Marekani, mpango mkubwa wa kuzuia kisukari ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 wenye wastani wa umri wa miaka 51, yaani watu wa makamo hasa. Kundi lililobadili ulaji na kutembea lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na kuandika mwenendo wao. Visa vipya vya kisukari katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na vya waliopewa dawa bandia. Chukua mtu wa kilo 90: asilimia 7 ni kilo 6.3, uzito wa gorogoro tatu za mahindi na kidogo. Akizitoa kwa nusu mwaka, atakuwa anapungua kama robo kilo kwa wiki. Lakini maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni vinaweza kuubadilisha uzito kwa kilo nzima au zaidi kati ya asubuhi na asubuhi. Maendeleo ya wiki tatu yanaweza kufunikwa na sherehe ya siku moja. Anayejipima leo na kesho atadhani ameshindwa wakati anashinda. Anayejipima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ileile, akaandika na kulinganisha mwezi na mwezi, ndiye atakayeuona mwelekeo. Huo ni usomaji wa risiti za majani, na ni usomaji wa kadi ya kliniki.

Wapo watakaosema kwamba uzito si afya. Wanasema kweli kwa sehemu. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kinachotumiwa hospitalini kilitokana na kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, na yeye alikuwa akitafuta wastani wa umma, hakuwa akimtibu mtu mmoja. Mchumaji wa chai mwenye misuli anaweza kuonekana mzito kwenye jedwali na akawa mzima. Hoja hiyo hainiondoi kwenye msimamo wangu, inanitia nguvu. Ikiwa jedwali la wastani halimtoshi mtu, basi afadhali ajilinganishe na nafsi yake ya mwezi uliopita. Aongeze na utepe wa fundi cherehani kiunoni, kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi: mwanamume aliyepita sentimita 94 na mwanamke aliyepita 80 wana sababu ya kuanza kuangalia. Wengine watasema mtu wa shamba hahitaji haya, jembe linamtosha. Jembe lingetosha kama mlo na safari vingebaki vilevile, na tumeona havikubaki. Wengine watasema chakula bora ni cha matajiri. Hapa historia inajibu vizuri, kwani chinsaga, rinagu na wimbi ni vya hapahapa, na kupunguza vijiko vya sukari na mafuta ya kukaangia huokoa fedha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la aibu: kwamba kuupima mwili ni kuufanya bidhaa, na kwamba wanawake ndio watakaonyooshewa vidole. Mizani ilikuja kweli kama chombo cha biashara, na kutumia hesabu yake kumdhalilisha mtu ni dhuluma. Kinga ni ileile aliyoigundua mkulima kituoni: kumbukumbu ni ya mwenyewe. Daftari la uzito likae na mwenye mwili, alifungue kwa amtakaye. Daftari hilo linamlinda pia dhidi ya ule wasiwasi wa miaka ya Slim. Aliyeandika kwamba amepunguza mandazi na anapanda mlima kwa miguu ana maelezo ya kupungua kwake. Anayepungua bila kubadilisha chochote ana ushahidi wa kumpeleka hospitali haraka, maana kukonda kusiko na sababu huweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au saratani.

Kuhusu kutokata tamaa, historia ina la kusema kuliko mahubiri. Mwili ukipungua huhitaji nishati kidogo kuliko awali, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa uzito husimama hata kwa asiyelegea. Wengi huacha hapo. Katika mpango ule wa Marekani wengi wa kundi lililobadili ulaji na kutembea walirudisha sehemu ya uzito waliopunguza, na bado baada ya miaka kumi visa vya kisukari katika kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 34. Kilichopatikana hakikupotea chote. Mkulima wa chai anaijua hali hii ya kiangazi, na amekuwa akiivuka kwa kuendelea kupalilia. Wala havuki peke yake. Vyama vya akina mama vya Nyamira vina daftari, mweka hazina na siku ya kukutana; kanisa la Waadventista, lenye waumini wengi Gusii, lina mafundisho marefu ya kujizuia katika chakula na vinywaji. Na tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini vifaa vya kazi, mizani ikiwemo, pamoja na vya kupimia sukari na shinikizo la damu. Kwa mara ya kwanza mizani inamfuata mtu mzima nyumbani kabla hajaugua.

Kwa hiyo sioni kwamba watu wa Magwagwa wanakosa nidhamu ya kufuatilia uzito wao. Nyumba yenye uwezo wa kutunza risiti za chai za mwaka mzima na kadi za watoto watano ina uwezo wa kutunza ukurasa mmoja wa namba za mama na baba. Kinachohitajika ni uamuzi kwamba mwili wa mtu wa miaka hamsini, uliolea na kuchuma kwa miaka thelathini, una thamani ya kuandikiwa kumbukumbu kama gunia na kama mtoto. Vyama na makanisa vinaweza kuufanya uamuzi huo katika mkutano wao ujao, vikanunua mizani moja ya pamoja, kila mtu akabaki na daftari lake. Vizazi vilivyobadilisha wimbi kwa mahindi na malisho kwa chai vilifanya hivyo kwa hatua ndogo, msimu baada ya msimu. Kilo zitapungua kwa mwendo huohuo, na atakayeandika ndiye atakayejua kwamba zinapungua.